Mbuzi Mwenye Ndevu za Jirani

Nina ugonjwa mmoja ambao sijawahi kumweleza daktari yeyote. Nikitakiwa kukasirika, nacheka. Wanawake wenzangu wa mtaa wetu hapa Garissa, mtoto akikosa, hukunja uso na kuvua kiatu, na mtoto anaelewa mara moja kwamba mambo yameharibika. Mimi uso nakunja vizuri tu, nafungua mdomo niseme, halafu kitu kinaanza kunitekenya chini ya mbavu. Nimejaribu kuuma ulimi. Nimejaribu hata kukumbuka siku ya mazishi ya baba yangu, Mungu amrehemu, na haikusaidia. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka minane, aliugundua ugonjwa huu akiwa bado anatambaa, na hajaacha kuutumia tangu hapo.

Alipokuwa na miaka mitano alimwaga unga wote wa anjera, mikate yetu ya asubuhi, sakafuni, akavaa viatu vya baba yake, akatembea juu yake kutoka jikoni hadi chumbani. Kisha akapiga kelele kwamba aabo, yaani baba, amerudi. Aabo wake ana duka la vipuri Mandera, kule mpakani, na huja nyumbani kila baada ya miezi miwili. Nilizifuata zile nyayo kubwa nyeupe huku moyo ukinidunda kama bibi harusi, nikafika kitandani nikakuta viatu viwili vimetokeza chini ya shuka na tumbo dogo linatikisika. Nilikuwa na kila sababu ya kumpiga. Nikaketi palepale kwenye unga nikacheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na yeye akaja kunipigapiga mgongo.

Kumpiga sikutaka, nalisema bila kuficha. Mimi nilichapwa utotoni, nyumbani na madrasa, na ninachokumbuka ni fimbo zenyewe, moja moja, urefu wake na zilikotoka. Makosa siyakumbuki hata moja. Kwa hiyo nilijiapia mapema kwamba wangu nitamlea kwa maneno. Tatizo ni kwamba maneno yangu yalitoka yamechanganyika na kicheko, na sijaona mtoto anayeogopa onyo la mtu ambaye mabega yanamtikisika.

Mambo yalikuwa mazito mwaka huu, mama mkwe aliposhuka kutoka Lafey kuja kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ni mwanamke mrefu, mkavu, aliyelea watoto tisa nyikani pamoja na mbuzi na ngamia, na kwa maelezo yake wote, wa miguu miwili na wa minne, walikuwa wakisimama wima akikohoa. Nyumbani tunamwita Ayeeyo, yaani bibi. Daktari alimfunika jicho moja kwa bandeji akamwambia apumzike wiki nne. Siku ya tatu, tukinywa chai, binti yangu aliingia sebuleni amejifunga pamba kwenye jicho, ameshika fimbo ya bibi yake, anapapasa ukuta, na kwa sauti ileile ya Ayeeyo akauliza, "Nani amehamisha mlango?"

Chai ilinitoka puani. Ayeeyo hakucheka. Alisubiri nijifute, akanigeukia na jicho lake zima.

"Gabar," akaniita, yaani msichana, ingawa nina miaka thelathini na nne na ofisi kaunti. "Huyu mtoto hana kosa. Ametafuta mtu mzima ndani ya nyumba hii, hajamwona."

Kisha akatoa hukumu. Wiki nne zikiisha, siku ya Jumamosi, atapanda basi kurudi kwake. Kama mpaka siku hiyo mtoto hajashika adabu, watapanda pamoja. Nilimpigia mume wangu simu nikitegemea atanitetea. Akasema, polepole, kama mtu anayechagua skrubu, kwamba labda ingemsaidia, na kwamba ni miezi michache tu. Ninawajua watoto waliopelekwa kwa bibi zao kwa miezi michache. Wanarudi wamekuzidi urefu, na wanakusalimu kama mgeni. Nilikata simu, nikamtazama binti yangu akimfundisha kuku kupanda ngazi, na nikaogopa kwelikweli.

Basi nilipiga moyo konde. Juma lile kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni, nikaenda, na Ayeeyo akanifuata kwa sababu hakuamini kwamba ningeuliza maswali ya maana. Mwalimu wa darasa ni kijana mpole kutoka Kakamega. Ayeeyo hakumngoja amalize salamu.

"Mwalimu, hii mtoto hapa nabigwa ama habigwi?"

"Hapigwi, mama. Sheria hairuhusu."

"Sasa naogoba nini?"

"Haogopi, mama. Anafikiri," mwalimu akasema, bila kutetereka, na nikampenda papo hapo. "Akikosa, mnyime kitu anachokipenda. Mweleze kwa nini. Halafu msimame hapohapo, msirudi nyuma hata akilia."

Sikuwa na karatasi, nikaandika kiganjani kwa kalamu: nyima, eleza, simama. Njiani Ayeeyo aliniuliza kama mwalimu ana watoto. Nilipomwambia bado hajaoa, alicheka kidogo kwa pua, ndicho kicheko pekee nilichowahi kumsikia.

Kitu ambacho binti yangu anakipenda kuliko vyote ni mbuzi wake. Ni mbuzi jike mweupe, mnene, mwenye ndevu ndefu kidevuni na macho ya mtu aliyesikia siri yako. Mtaani kwetu mbuzi hutoka asubuhi wenyewe, huzurura wakila walichojaliwa, na alasiri hurudi kila mmoja kwenye geti lake. Huyu akirudi, binti yangu humpokea na maji, humsimulia mambo ya shule, na nina hakika humwomba ushauri.

Sasa nimtaje jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, ng'ambo ya barabara, anaishi mzee mmoja ambaye ni dalali katika soko la mifugo. Mnunuzi na muuzaji wakishindwana, huitwa yeye, husimama kati yao, hutaja bei, na bei inakuwa hiyo. Ana ndevu za kupendeza, amezipaka hina zikawa nyekundu kama machungwa yaliyoiva, na kwa sababu ya kovu la zamani kidevuni zimegawanyika katikati, tawi moja kushoto, jingine kulia. Hakuna ndevu nyingine za namna ile Garissa nzima. Kulikuwa hakuna, tuseme.

Alhamisi moja, zikiwa zimebaki siku tisa Ayeeyo asafiri, nilimkuta yule mbuzi amefungwa kitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini. Binti yangu akaniambia kwamba anaumwa jino. Nilimhurumia mbuzi, nikampa na ganda la tikiti laini asihangaike kutafuna. Haikunipitia akilini kujiuliza kwa nini bakuli la hina ya Ayeeyo lilikuwa tupu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimetoka ofisini kwa mapumziko ya mchana, nimesimama kwenye geti, na wanaume walikuwa wanamiminika kutoka swala. Mzee jirani alikuwa mbele, kanzu imenyooka, ndevu zake zote mbili zinang'aa. Kutoka upande wa pili akaja mbuzi wetu. Ndevu nyekundu. Zimekatwa katikati kwa mkasi wangu wa kushonea, tawi kushoto, tawi kulia, na zimechanwa. Mzee huwa anampa maganda ya matunda, kwa hiyo mbuzi alimwendea moja kwa moja, akasimama mbele yake, akainua uso. Wakatazamana.

Barabara nzima ilisimama. Kisha kijana mmoja aliyekuwa ndani ya tuk-tuk yake akasema, "Wasee, cheki, mzee ako na pacha."

Sikumbuki nilivyofika chini. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimekaa mchangani nyuma ya geti, nimeng'ang'ania bawaba, machozi yananitiririka, na sauti inayonitoka haikuwa ya binadamu. Binti yangu alikuja akakaa kando yangu uso unang'aa, kama mtu aliyeleta zawadi ikapokelewa. Ayeeyo akatoka, akachungulia nje, akaona kila alichopaswa kuona kwa jicho moja. Mzee jirani alipita mbele ya geti letu bila kutusalimu, na yeye ni mtu ambaye husalimu hata paka.

"Amemfanya mtu mzima kuwa mbuzi jike," Ayeeyo akasema. "Na wewe umekaa chini."

Hapo ndipo nilipotazama kiganja changu. Maandishi yalikuwa yameshafutika, lakini niliyakumbuka. Nilijikaza kisabuni. Jumamosi asubuhi niliamka nikiwa mwanamke mwingine kabisa, nikafunga kamba shingoni mwa mbuzi, nikamwita binti yangu.

"Hooyo," nikamwambia. Sisi humwita mtoto kwa jina lilelile analotuita sisi, mama humwita mwanawe mama. "Hooyo, umemvunjia jirani heshima. Kwa hiyo mbuzi huyu unayempenda nampelekea jirani, awe wake, kama radhi yetu."

"Lakini ni wangu," akasema.

"Ndiyo maana nampeleka."

Nilinyima, nikaeleza, nikasimama. Sikucheka hata kidogo. Nilimkokota yule mbuzi nyumba tatu, nikamkabidhi mke wa mzee getini, nikarudi nikitembea kwa madaha. Adhabu kwa mtoto na radhi kwa jirani, yote kwa kamba moja. Nilimrekodia mume wangu ujumbe wa sauti wa dakika nne kuhusu malezi ya kisasa.

Ayeeyo nilimsimulia akiwa anakunywa maziwa. Aliweka gilasi chini.

"Umetoa mbuzi wa kitovu?"

Kwetu, kitovu cha mtoto mchanga kikikatika hufungwa kwenye mkia wa mnyama jike mchanga, na kuanzia hapo mnyama huyo ni mali ya mtoto, yeye na uzao wake wote. Baba haruhusiwi kumuuza, mama haruhusiwi kumchinjia mgeni, mpaka mwenyewe akubali. Binti yangu alifungiwa mbuzi aliyeletwa na Ayeeyo mwenyewe kutoka Lafey, juu ya lori, na huyu mweupe alikuwa mjukuu wa yule. Nilikuwa nalijua hilo tangu kuzaliwa kwangu. Mimi mwenyewe nilikuwa na mbuzi wangu. Lakini nilikuwa nimeshikilia sana mafunzo ya mwalimu wa Kakamega, na yeye, maskini, angejuaje.

"Basi tuhesabu," Ayeeyo akasema. "Mtoto amemtukana jirani. Mama amemwibia mtoto. Jirani amefuga mali ya wizi, na hajui. Katika mtaa huu mwenye adabu amebaki nani?"

"Mbuzi," binti yangu akasema kutoka mlangoni, amekunja mikono, na uso wa mtu aliyekuja na wakili.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ayeeyo akachukua gilasi yake. "Cheka," akasema. "Basi lipo Jumamosi."

Kumrudisha mbuzi haikuwezekana. Ukimnyang'anya mtu radhi uliyompa jana, umemtukana mara ya pili. Nilizunguka na jambo hilo Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kila siku nikifika karibu na geti la jirani na kukumbuka kwamba nimesahau kitu dukani. Kule ndani mbuzi alikuwa akilia kila alasiri wakati wa kurudi nyumbani. Ayeeyo alifunguliwa bandeji Jumatano, sasa akawa na macho mawili ya kunitazamia, na jioni nikamwona anakunja nguo za binti yangu na kuzipanga kwenye mkoba mdogo.

Alhamisi alasiri tulikwenda watatu. Mzee alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kiti cha kamba, na pamoja na joto lile la Garissa linaloyeyusha sabuni, alikuwa amejifunga shali mpaka puani. Mbuzi alikuwa amefungwa nyuma ya kiti. Tulisalimiana kirefu, tukaulizana habari za afya, mvua na watu wa Lafey. Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeiandaa vizuri, ina aya mbili za Kurani. Nikafika katikati, na mbuzi akainua kichwa taratibu juu ya bega la mzee, na ndevu zake mbili nyekundu, anatafuna, ananisikiliza.

Kitu kikaanza kunitekenya. Nikakohoa. Nikashusha shela. Nikajifanya nafuta jasho, na mabega yakaanza.

"Hooyo," binti yangu akasema chini kwa chini. "Usicheke."

Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama ile shali.

"Adeer," akamwambia mzee, ndivyo mtoto anavyomwita mwanamume wa rika la baba au zaidi, "mbona umejifunika? Kuna joto."

Mkewe alitaka kumnyamazisha, mzee akainua mkono. Alimjibu kama anavyomjibu mtu mzima mwenzake. "Nilikwenda mnadani jana," akasema. "Nikitaja bei, wanalia kama mbuzi. Sio wote. Wawili, watatu. Lakini bei ya dalali ni mpaka watu wanyamaze, na hawanyamazi. Nimerudi mapema." Alitabasamu ili lisiwe jambo kubwa, na macho yake hayakutabasamu. "Si neno. Wewe ni mtoto."

Kicheko kiliniisha. Nilikuwa sijui kwamba kinaweza kuisha namna ile, katikati, kikakuacha umefungua mdomo.

Binti yangu alimtazama mbuzi, kisha ile shali. "Nilifikiri watacheka kama hooyo," akasema. "Hooyo akicheka, baadaye ananikumbatia."

Nililihisi neno lile kifuani, na mpaka leo bado nalihisi. Miaka minane nilidhani simfundishi chochote, kwamba masomo yangu yote yanaharibikia njiani. Kumbe alikuwa anasoma kila siku, na somo lilikuwa kwamba kicheko hakimuumizi mtu.

Akamwendea mbuzi, akamshika kamba, akamleta mbele ya mzee. "Huyu ni wa kitovu," akasema. "Hooyo alikupa lakini hakuwa wake. Sasa nakupa mimi. Na nitakuja mnadani niwaambie ni mimi nilipaka, sio wewe uliyefanana."

Mzee alimtazama Ayeeyo. Ayeeyo alitikisa kichwa mara moja, kukubali. Mali sasa ilikuwa imetoka kwa mwenyewe, na kuikataa kungekuwa kumkataa yeye. Mzee akapokea kamba kwa mikono miwili. Kisha akafungua shali, akaikunja, akaiweka magotini, akamwambia binti yangu kwamba mnada ni Jumatano na kwamba huanza mapema.

Tulitoka. Binti yangu alijikaza mpaka tulipopita geti la pili, halafu akalia, kilio cha mwili mzima, cha mtu aliyepoteza rafiki. Nilikuwa na maneno tayari ulimini: nitakutafutia mwingine, mweupe zaidi, nitamwomba mzee uje umwone kila siku. Niliyameza moja moja. Nimepigwa fimbo nyingi maishani, lakini sikumbuki jambo lililoniuma kama kumwacha alie bila kumpa kitu.

Ayeeyo alikuwa ametangulia. Alisimama, akatungoja, akanitazama mimi kwanza, kisha mtoto.

"Jumamosi nasafiri peke yangu," akasema, akaendelea kutembea.

Nilitegemea binti yangu angeruka. Alijifuta pua kwa shela yangu, akafikiri, akaniangalia kwa uangalifu.

"Hooyo," akasema, "sasa unaweza kucheka."

Nilijaribu, kwa ajili yake. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Tuk-tuk zilikuwa zinapita mfululizo na mimi nilikuwa sioni mbele kwa machozi, kwa hiyo alinishika mkono, akatazama kulia na kushoto, akanivusha barabara.